Sare Tatu za Wodi ya Mifupa

Mtaani kwake hakuna anayemwita kwa jina alilopewa na wazazi. Wanamwita Jicho, na si kwa sababu anaona mbali. Gazeti lenyewe hawezi kulisoma bila miwani. Wanamwita Jicho kwa kuwa ni fundi wa nguo asiyempima mtu kwa tepu. Mteja anasimama mlangoni, Jicho anamtazama mara moja kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, anarudisha macho kwenye kazi yake na kusema, "Njoo Ijumaa." Ijumaa nguo inakuwa tayari, na inamkaa mwenyewe kama amezaliwa nayo.

Tepu anayo. Huivaa shingoni, maana fundi asiye na tepu shingoni wateja wapya humdhania mlinzi. Lakini ni ya kuvaliwa tu, kama tai. Anayeitumia tepu ni mkewe, ambaye hushona kwenye cherehani ya pili, na kwa hilo amechekwa tangu waoane.

Kazi yao iko kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Kuna cherehani mbili, kioo chenye ufa kwenye kona, rafu ya majora ya kitambaa inayopanda mpaka karibu na dari, na katikati ya chumba meza ndefu ya kukatia. Meza hiyo ni ya juu, inamfika mtu tumboni, na haiwezi kuwa vinginevyo. Kushona mtu hukaa. Kukata husimama, akaizunguka meza, akauweka uzito wake wote kwenye mkasi. Wanaojua kushona ni wengi; anayekata ndiye fundi. Waliobaki, kwa maneno ambayo Jicho ameyasema mara nyingi mno mbele ya mkewe, ni madereva wa cherehani.

Ngazi ilikuwapo. Mkewe anataka hilo lieleweke kabla ya mengine yote. Ngazi ilikuwapo, imeegemea ukuta nyuma ya mlango, nzima, haina hitilafu. Mteja aliulizia kitambaa cha kijivu kilichokuwa rafu ya juu kabisa. Jicho akapanda kiti, kutoka kwenye kiti akapanda meza, na kutoka mezani akaweka mguu kwenye rafu ya pili. Akalivuta jora. Jora likaja. Likaja na mwenzake, na rafu nayo ikaona haina sababu ya kubaki peke yake.

"Nilisikia kishindo nikafikiri gari limeingia ndani," anasema mkewe. "Kugeuka, mume wangu yuko chini, amefunikwa na vitambaa vya mwaka mzima. Na unajua neno lake la kwanza lilikuwa nini? Si jina langu, wala si la mama yake. Alisema, 'Msikikanyage hicho cha kijivu.'"

Mfupa wa paja la kulia ulikuwa umevunjika vipandevipande, na goti limeumia vibaya. Hospitalini walimlaza chali, wakamfunga mguu kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo juu ya kitanda, na mwisho wa kamba wakaning'iniza uzito, ili mfupa uvutike na kunyooka kabla ya kuwekewa chuma. Alikaa hivyo wiki nyingi. Hakuweza kugeuka, hakuweza kukaa, na chochote kilichokuwa chini ya kimo cha godoro kilikuwa kwake habari za kusikia. Alichokiona ni dari, feni, na watu waliosimama juu yake.

Daktari alimweleza wazi. Mfupa utaunga. Goti ndilo lenye maswali. Kutembea atatembea, ila kusimama kutwa nzima kazini bila kushikilia kitu, hilo litategemea mazoezi na litamtegemea yeye mwenyewe. Katika maelezo yote hayo Jicho alisikia kipande kimoja tu. Mkewe alipofika jioni alimkuta amekodolea macho feni.

"Wamesemaje?"

"Wamesema nitakuwa dereva wa cherehani."

Mkewe akafungua chombo cha chakula. "Mimi ni dereva wa cherehani," akamwambia, "na sijawahi kuangukiwa na rafu. Fungua mdomo."

Waliomhudumia ni wengi, lakini anaosimulia habari zao ni watatu.

Wa kwanza ni Sista, msimamizi wa wodi, ambaye viatu vyake vilisikika kwenye korido kabla yeye hajaonekana, na wagonjwa waliokuwa wakinung'unika kuhusu chakula walilala usingizi papo hapo. Wa pili ni mhudumu wa wodi aliyekuwa akiwaogesha wasioweza kujiogesha. Wagonjwa walimwita Mama Ndoo, na alipendezwa na jina hilo kuliko cheo chochote. Wa tatu ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, kijana mpole anayetabasamu, ambaye kila alipofika kando ya kitanda alitamka neno moja, "Inuka," mpaka likawa jina lake. Waliokuwa hawawezi kuinuka walimwogopa kuliko sindano.

Jicho hakuwa na mazoea ya kumshukuru mtu. Maishani mwake mwote ameishi kwa kutazama nguo za wenzake na kuona kosa liko wapi, na sasa alikuwa amefungwa kitandani, hana kingine cha kutazama isipokuwa sare za wafanyakazi.

"Sista, samahani."

"Maumivu?"

"Hapana. Bega lako la kushoto."

Sista akajitazama. "Lina nini?"

"Limeshonwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda nyumbani. Linavuta. Kila ukiinua mkono kunitundikia dripu, gauni zima linapanda nalo."

"Fundi, mimi nimekuja kukuchoma sindano."

"Choma. Mimi naongea na bega."

"Bega limesikia. Legeza mkono."

Kwa Mama Ndoo ilikuwa vigumu zaidi. Mtu mzima, baba wa watoto wanaojitegemea, anaogeshwa na mwanamke asiye mkewe, anafutwa mpaka mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa amesahau kama papo. Siku za mwanzo Jicho alifumba macho tangu maji yanapomiminwa hadi taulo linapokunjwa, kana kwamba akifumba yeye, na Mama Ndoo haoni.

"Fumbua macho, baba, nisije nikakutia sabuni puani," Mama Ndoo alimwambia. "Unaona haya ya nini? Nimeogesha walimu wakuu hapa. Nimeogesha wachungaji na masheikh, nimeogesha mpaka askari. Wote wana mgongo mmoja mmoja."

Jicho akafumbua jicho moja. "Sare yako inakubana kwenye makwapa."

"Unaona sasa? Umepona."

Baada ya upasuaji wa kuweka chuma, uzito ukaondolewa na zamu ya Inuka ikafika. Siku ya kwanza ya kusimamishwa, Jicho alijitahidi kwa ukimya na kwa heshima zote mpaka akafika wima, akiwa ameshika magongo mawili. Inuka akamwambia ainue gongo moja kidogo tu. Akaliinua. Goti likakunjika kama ukurasa. Inuka alimdaka chini ya makwapa, wakatua wote wawili kitandani, mgonjwa akiwa amempakata mtaalamu.

"Hujaanguka," Inuka alisema, akivuta pumzi.

"Nimeanguka."

"Umekaa kwa haraka."

Wodi nzima ilicheka, na Jicho naye alicheka, kwa kuwa ilichekesha. Ila kuanzia siku hiyo aliyashika magongo yale kama yameshonewa mkononi. Alijifunza kutembea nayo vizuri, akajifunza kupanda na kushuka ngazi nayo, mpaka Inuka akawa anamtumia kama mfano kwa wagonjwa wapya. Akiambiwa aachie, alisema, "Kesho." Aliruhusiwa kurudi nyumbani kesho hiyo ikiwa bado haijafika.

Nyumbani mambo yalikwenda kwa namna fulani. Alikaa kwenye cherehani, akakanyaga pedali kwa mguu wa kushoto, akashona. Mkewe ndiye aliyesimama mezani akakata. Jicho alitoa maagizo kutoka kwenye kiti: sogeza mkasi, nyoosha kiwiko, unakata au unakwangua? Eksirei ya kliniki ilionyesha mfupa umeunga. Daktari akasema sasa aukanyage mguu kwa uzito wote. Inuka akampa kazi moja ya nyumbani: kila siku asimame kando ya meza yake ya kukatia na kuondoa mikono kwenye magongo. Basi. Asimame tu.

Kila siku Jicho aliiendea meza kwa magongo yake, akaigusa, akarudi kukaa bila hata kumkosoa mtu. Mkewe aliona. Anakiri kwamba hilo lilimwogopesha kuliko kile kishindo cha rafu. "Mume wangu akinyamaza kuhusu kazi," anasema, "kuna jambo."

Ndipo likaja wazo la sare. Hospitali ile wafanyakazi huvaa sare za rangi zilizopangwa, lakini kila mmoja hujitafutia fundi wake, na Jicho alikuwa amelala wiki zote zile akizitazama kazi za mafundi hao kwa uchungu. Angewashonea wote watatu. Gauni jeupe la Sista, lenye bega lisilovuta. Joho la bluu la Mama Ndoo, lenye nafasi makwapani. Shati na suruali ya kijani ya Inuka. Wangezivaa, na asingelazimika kutoa hotuba ya shukrani.

Mkewe akatandaza kitambaa cheupe mezani, akachukua chaki. "Haya. Gauni la Sista, urefu?"

Jicho akafumba macho, akamwona Sista amesimama kando ya kitanda, akataja inchi.

Mkewe akaiweka chaki chini. "La Sista yupi?"

"Yupi tena? Sista wetu."

"Yule ninayemjua mimi ataliburuta."

"Wewe umemwona tu. Mimi nimempima."

"Umempima lini?"

"Kila siku aliposimama pale. Mwanamke mrefu, mabega mapana. Kata."

"Baba, yule mtu ananifika hapa." Mkewe akajigusa kidevuni.

"Mama, humu ndani nani anaitwa Jicho?"

Mkewe akakata. Hajutii. "Miaka yote ananicheka na tepu yangu," anasema. "Nikajiambia, haya, leo sina neno. Kingekuwa kinapungua ningepiga kelele, maana kitambaa pungufu ndiyo basi. Lakini kinachozidi si unakitoa baadaye? Nikakata zote tatu kama alivyotaka, mpaka inchi ya mwisho."

Mkewe alizipeleka sare hizo hospitali zikiwa zimepigwa pasi. Zilipokelewa kwa vigelegele mpaka mgonjwa mmoja akadhani kuna harusi. Jibu alilorudi nalo kutoka kwa Sista lilikuwa fupi: "Mwambie Fundi zimetukaa." Jicho akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeambiwa kwamba kumekucha.

Siku yake iliyofuata ya kliniki wote watatu waliijua, na ndiyo sababu walizivaa.

Wa kwanza kutokea mwisho wa korido alikuwa Mama Ndoo. Joho la bluu lilikuwa na nafasi makwapani, na lilikuwa na nafasi kila mahali pengine. Mikono ilikuwa imekunjwa na kukunjwa tena mpaka imekuwa minene kama maandazi. Nyuma yake akaja Inuka, shati likimfika magotini, suruali imepigwa vipindo kama ya mtu anayevuka mto. Halafu vikasikika viatu vya Sista. Safari hii vilisikika kwa kusitasita, kwa sababu mwenye viatu alikuwa amelishika gauni kwa mkono mmoja ili asilikanyage. Pindo lilikuwa limezungushiwa pini za nepi. Msimamizi wa wodi alionekana kama mtoto aliyeingia kabatini kwa mama yake.

"Fundi!" akasema kwa furaha ya kweli. "Umetuonaje?"

Jicho, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na magongo yake mapajani, aliwatazama mmoja mmoja, kichwani mpaka kwenye viatu. Ilimchukua muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Nani amekata hizi?" akauliza.

"Mimi," mkewe akajibu. "Kwa macho yako."

Wakacheka wote, isipokuwa mwenye macho. Alishusha kichwa akayageuza magongo. "Kumbe na jicho hili nalo limekwisha," akasema polepole. Vicheko vikakoma. Watu wa wodi ile wameshaona wagonjwa wengi wanaokaa wima lakini ndani wamekwisha kulala chini, na wanaitambua sauti hiyo.

Inuka ndiye aliyefikiri haraka. Akamshika mkono, akamwingiza kwenye chumba cha mazoezi. "Mzee, panda kitandani. Lala chali kama zamani."

"Ya nini?"

"Lala kwanza, lawama baadaye."

Jicho akalala. Wote watatu wakaja wakasimama kando yake, mahali pao pa siku zote.

"Nitazame," Inuka akasema. "Nina urefu gani?"

Jicho akatazama juu. Akakunja uso. "Unagusa feni."

"Na Sista?"

"Sista ni mrefu. Nimesema tangu mwanzo, ni mrefu." Akasita. Sista akamwinamia kama alivyokuwa akiinama kumtazama macho. "Na mabega..."

"Mabega mapana?"

"Kama mlango."

"Inuka sasa."

Jicho akajiinua, akakaa, miguu ikaning'inia ukingoni mwa kitanda. Mbele yake, macho kwa macho, alisimama mwanamke mdogo mwenye mabega ya kawaida kabisa, amejaa kwenye gauni la mtu mwingine. Fundi ambaye hajawahi kukosea kimo cha mtu alikuwa amewapima watu watatu akiwa amelala, kutoka chini kwenda juu, kama mtu anavyotazama minara. Na kila mmoja alikuwa akimjia akiwa ameinama, karibu na uso wake, mabega yakiziba taa.

Mama Ndoo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono wa joho. Kitambaa kilikuwepo cha kutosha.

"Jicho lako zima," Inuka akamwambia. "Kitanda ndicho kilichokudanganya."

Jicho naye akacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mwili mzima. Alipotulia, akarejea kwenye sauti yake ya kazi. "Basi zileteni. Mama atazipunguza."

"Mama?" Sista akaweka mikono kiunoni. Gauni likaanguka likamfunika viatu. "Mimi nimevaa hii kitu tangu asubuhi, nimejikwaa nayo mara ngapi sijui, nimechekwa na madaktari, halafu Mama ndiye aipunguze? Hapana, Fundi. Tutakuja dukani kwako. Utatupima sisi tukiwa tumesimama, na wewe umesimama."

Inuka akatazama pembeni, uso umetulia mno. Jicho aliona ametegwa. Akasema, "Kesho," na Sista akamjibu kwamba kesho hana zamu, ahsante, watafika.

Walifika kweli, wote watatu. Sista akavaa gauni lake nyuma ya pazia, akaja akasimama kando ya meza ya kukatia kama mtuhumiwa. Mama Ndoo akajibana kwenye benchi ya wateja na kusema kwamba yeye ni mwisho, hana haraka. Jicho alikuwa kwenye kiti chake.

"Mama, chukua pini," akasema.

Mkewe hakugeuka. Alikuwa kwenye cherehani yake, amewapa mgongo. "Mimi ni dereva tu."

Hakukuwa na mwingine wa kumwagiza. Akainuka na magongo yake, akaenda mpaka alipo Sista. Gongo moja akalibana kwapani, lingine akaliegemeza mezani, na kwa mkono uliopatikana akajaribu kukusanya kitambaa cha begani na kukichoma pini kwa wakati mmoja. Kazi hiyo inataka mikono miwili. Kila fundi anajua, na Jicho alijua kuliko wote.

"Aa! Fundi!"

"Imekuingia?"

"Imeingia!"

"Moja tu hiyo. Wewe ulinichoma ngapi?"

Akajaribu tena. Kitambaa kikamponyoka. Akajaribu kwa kuinamia upande mwingine, na gongo likateleza kidogo sakafuni, akalirudisha kwapani kwa pupa. Begani kwa Sista palikuwa na mkunjo ambao hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuonea aibu. Jicho akautazama. Akamtazama mkewe mgongoni. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

Akalitoa lile gongo kwapani, akaliegemeza mezani na lile lingine.

Inuka tayari alikuwa amesogea nyuma yake, mikono imetanuka kama mtu anayevizia kuku.

"Usinishike," Jicho akasema bila kugeuka.

"Sijakushika."

"Nasikia unapumua shingoni kwangu."

"Sasa nipumulie wapi, mzee?"

"Huko. Ukinigusa, nakukatia mkono mmoja mfupi."

Akaziweka pini midomoni na mikono yote miwili akaiweka kwenye mabega ya Sista. Kilichotokea hapo kina maelezo mawili. Jicho anasema alikuwa anautafuta mshono. Sista anasema alikuwa amebeba uzito wa mwanamume mzima, kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kusimama imara namna ile, na kwamba kama angepiga chafya wangeanguka wote. Goti lilikuwa linatetemeka. Suruali ilionekana ikicheza.

"Bega lililokuwa linavuta ni hili la kushoto?" Sista akauliza, kama mtu anayepitisha muda.

Jicho akaguna kukubali. Uzito ukapungua begani. Ukapungua tena. Kisha vidole vikawa vimekusanya kitambaa, mkono wa pili umechukua pini, na aliyekuwa amebebwa sasa alikuwa amejibeba. Akapiga pini bega la kushoto, la kulia, akashuka kwenye makwapa, akafika kiunoni. Alipofika kiunoni alisema jambo. Alilisema kwa urefu, huku ameinamisha macho kwenye mshono, na lilikuwa na majina ya wote watatu ndani yake, pamoja na ndoo, na usiku, na kitu kuhusu mkono uliomdaka. Lakini pini zilikuwa midomoni, na hakuna aliyeelewa sentensi nzima.

"Toa pini uongee," Sista akamwambia.

Akazitoa. "Nimeshasema."

"Umesema nini?"

"Nimesema simama wima."

Sista akasimama wima. Mama Ndoo, kwenye benchi, alikuwa ameanza tena kujifuta macho, na safari hii hakuwa anacheka.

Pindo likaleta shida yake. Kupiga magoti hakuwezi, na pindo liko chini. Akamwagiza Sista apande kwenye benchi. Sista, ambaye kazi yake ni kukataza watu kupanda juu ya vitu, akapanda. Jicho akainua macho, akamtazama kutoka chini, akatikisa kichwa haraka.

"Shuka. Shuka upesi, nisije nikakuona mrefu tena."

Mwishowe mkewe alipiga magoti akaweka pini za pindo, akitumia tepu, na hakuna aliyemcheka. Sista akarudi nyuma ya pazia, akalitoa gauni, na Jicho akalitandaza mezani. Akalilainisha kwa kiganja. Mkewe akausukuma mkasi mzito upande wake, kisha akarudi kwenye cherehani. Fundi akaegemeza tumbo kwenye ukingo wa meza, akafungua mkasi, akaanza kukata. Alipomaliza upande wa kwanza ilibidi azunguke. Akaburuza mguu wa kulia hatua moja, akausubiri, akaburuza nyingine. Inuka akamfuata nyuma, mikono bado imetanuka.

"Inatosha kwa leo, mzee," akasema. "Kaa sasa."

"Kaa wewe. Kiti kile pale. Umesimama nyuma yangu mpaka umechoka."

"Mimi sijachoka."

"Mimi pia. Na unanizibia mwanga."

Inuka akalitazama goti. Akamtazama Sista, aliyekuwa ametoka nyuma ya pazia akifunga vifungo vya gauni lake la zamani, lenye bega linalovuta. Sista akamwonyesha kiti kwa kidevu.

Kijana akashusha mikono, akaenda, akakaa.